Nani atawashtaki wanaoua raia vitani? Kesi zilizofika na zilizokwama, kutoka Mlima Elgon hadi Darfur

Mwanabondeni (mwanzisha uzi, Nakuru)

Wadau, salaam.

Tangu mji wa El Fasher, huko Darfur nchini Sudan, uingie mikononi mwa RSF, wapiganaji wanaopigana na jeshi la Sudan, mwishoni mwa Oktoba 2025, swali ninalokutana nalo huku Nakuru, hasa kwa majirani waliotoka Sudan na Sudan Kusini, ni hili: wanaoua raia namna hii watashtakiwa na nani? Wengi hawangoji jibu. Wanasema "hakuna", kisha wanabadilisha mazungumzo. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, si wakili, lakini nimekaa na familia za waathiriwa muda wa kutosha kujua kwamba hilo "hakuna" lina madhara. Mtu akishaamini hakuna atakayeulizwa, hata alichokiona kwa macho yake hakiandiki. Na kesi nyingi ninazozifahamu hazikufa kwa kukosa sheria. Zilikufa kwa kukosa ushahidi uliotunzwa mapema, au kwa kupitwa na muda.

Sheria nitaipitia haraka. Mikataba minne ya Geneva ni ya 1949, na wa nne umetungwa kwa ajili ya raia. Kifungu cha 3, kinachojirudia katika yote minne, kinahusu vita vya ndani ya nchi: asiyeshika silaha, na aliyeiweka chini, haruhusiwi kuuawa, kuteswa wala kushikwa mateka. Mkataba wa Roma uliounda ICC, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague, ulipitishwa Julai 1998, ukaanza kazi 1 Julai 2002, na Kenya ikauridhia Machi 2005. Kisha Bunge letu likatunga Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008, iliyoanza kutumika 1 Januari 2009. Ishikeni tarehe hiyo.

Sasa Darfur. Sudan si mwanachama wa ICC. Lakini Machi 2005 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 1593, liliikabidhi mahakama hiyo suala la Darfur, na mamlaka hayo bado yapo. El Fasher ni makao makuu ya Darfur Kaskazini. Kwa hiyo aliyeamuru raia wauawe pale mwaka 2025 yuko chini ya mahakama ile ile. Ali Kushayb, aliyekuwa mkubwa wa Janjaweed, wanamgambo waliovamia vijiji vya Darfur, alijisalimisha huko Jamhuri ya Afrika ya Kati Juni 2020, kesi yake ikaanza Aprili 2022, na tarehe 6 Oktoba 2025 majaji wakamtia hatiani kwa makosa 27 ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu, ya miaka ya 2003 na 2004. Desemba akahukumiwa miaka 20. Kati ya kutiwa kwake hatiani na kuanguka kwa El Fasher hazikupita hata wiki tatu. Najua kuna atakayesema, unaona, hukumu haikumtisha mtu. Kweli, haikuwatisha. Lakini kuna mama wa Darfur aliyesubiri tangu 2003, na siku hiyo alisikia jaji akisema haya yalitendeka, na huyu hapa ndiye mmoja wa waliotenda. Siwezi kukubali kwamba hilo ni bure.

Udhaifu mkubwa wa ICC ni kutokuwa na polisi. Mtu hukamatwa pale nchi inapokubali kumkamata. Na hapa sisi Wakenya tuna deni. Tarehe 27 Agosti 2010, siku Katiba mpya ilipozinduliwa Uhuru Park, Omar al-Bashir, rais wa Sudan wakati huo, alikuwa mgeni wetu huku waranti ya ICC ikimsubiri. Hakuguswa. Novemba 2011 Mahakama Kuu Nairobi iliamuru akikanyaga Kenya tena akamatwe, na Februari 2018 Mahakama ya Rufaa ikathibitisha kwamba serikali ilivunja wajibu wake ilipomwacha aondoke.

Kuna jambo ambalo sioni likizungumzwa kwa uzito wake. Kifungu cha 8 cha hiyo Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa kinaipa mahakama ya Kenya uwezo wa kumshtaki mtu aliyetenda uhalifu huo nje ya nchi, hata kama si Mkenya na aliowatesa si Wakenya, mradi baadaye apatikane ndani ya Kenya. Februari 2025 wakubwa wa RSF na washirika wao walikutana ukumbi wa KICC, Nairobi, kwa ajili ya makubaliano yao ya kisiasa. Mjadala wetu wote ulikuwa wa diplomasia: Khartoum imekasirika, chai yetu itauzwa wapi. Sikusikia watu wengi wakiuliza kama kati ya walioketi mle ukumbini kuna ambaye DPP (mkurugenzi wa mashtaka ya umma) wa Kenya angepaswa kumfungulia jalada. Hilo ndilo swali ambalo sheria yetu wenyewe inalileta mezani.

Niwape kesi inayonipa moyo kuliko zote. Hissène Habré alitawala Chad kuanzia 1982 hadi 1990, akapinduliwa, akakimbilia Senegal, akaishi Dakar kwa raha zake. Souleymane Guengueng, mtumishi wa serikali aliyekuwa ametupwa jela bila kosa, alitoka akiwa mgonjwa na akaanza kuwazungukia wafungwa wenzake na wajane. Yeye na wenzake walikusanya maelezo ya watu 792. Vitisho vilipozidi, akayaficha nyumbani kwake miaka na miaka. Mwaka 2001 watafiti wa haki za binadamu waliingia katika jengo lililotelekezwa la polisi wa siri mjini N'Djamena wakakuta maelfu ya nyaraka zimetapakaa sakafuni zikiliwa na vumbi. Ndani yake yakapatikana majina ya watu 1,208 waliouawa au kufia kizuizini. Karatasi za serikali na maelezo ya wahanga zilipokutana, Habré hakuwa na pa kutokea. Mahakama maalumu iliyoundwa na Senegal na Umoja wa Afrika ilimhukumu kifungo cha maisha Mei 2016. Waafrika walimhukumu Mwafrika mwenzao, ndani ya Afrika, kwa sababu mfungwa mmoja hakukubali kusahau.

Ndiyo maana jirani yangu mmoja kutoka Sudan Kusini ananipa heshima kubwa kila anaponionyesha daftari lake. Ni daftari la kawaida la shule, jalada limebandikwa kwa selotepu. Kila ukurasa ni mtu mmoja: jina, jina la baba, kijiji, siku, saa kwa kukadiria na alama ("jua lilikuwa juu ya mwembe"), nguo alizovaa, waliokuwepo wakaona, lugha waliyozungumza walioshambulia, rangi ya sare. Pale asipojua ameacha mstari wazi, hajabuni. Hakuna aliyemtuma. Mahakama mseto ya Sudan Kusini iliahidiwa katika mkataba wa amani wa Agosti 2015, ikaahidiwa tena 2018, na haijaundwa. Daftari linangoja.

Karibuni. Naomba tuchangie kwa heshima, na TAFADHALI asitajwe shahidi wala mwathiriwa yeyote kwa jina humu.

Mzalendo_wa_Bonde

Mkuu, nimekusoma hadi mwisho na nakupa heko kwa kazi unayofanya. Lakini naona umeipamba sana hii ICC. Sisi watu wa Bonde la Ufa tunaijua. Walikuja hapa 2010 wakataja watu sita kwa mbwembwe kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, miaka ikapita, hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Waliochomewa nyumba Naivasha na Nakuru Januari 2008 wako vile vile. Na wakubwa wa dunia je? Marekani si mwanachama, Urusi si mwanachama, Uchina si mwanachama. Ikiguswa Israeli, Marekani inawawekea majaji vikwazo. Sheria inayomfunga mnyonge pekee mimi siiiti sheria.

Mwanabondeni

Ndugu Mzalendo, sehemu kubwa ya uliyosema ni kweli na sitaipinga.

Kesi za Kenya ziliporomoka. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. ICC ilithibitisha mashtaka dhidi ya wanne Januari 2012. Ya Muthaura yakaondolewa 2013, ya Uhuru Kenyatta Desemba 2014, na tarehe 5 Aprili 2016 majaji wawili kati ya watatu wakaisimamisha kesi ya Ruto na Sang. Hawakusema hawana hatia. Walisema ushahidi uliobaki hautoshi, na kwamba upande wa mashtaka unaweza kurudi ukipata mwingine. Mashahidi walikuwa wamejitoa mmoja baada ya mwingine, na mmoja wa majaji aliandika waziwazi juu ya kuingiliwa kwa mashahidi na siasa. Kwa hiyo ukiniuliza ni nini kilichoiua kesi ile, narudi pale pale: ushahidi ulioegemea vichwa vya watu wachache wanaoweza kutishwa au kununuliwa.

Tena tusiisingizie The Hague peke yake. Kanisa la Kiambaa lilichomwa 1 Januari 2008 watu wakiwa ndani. Kesi yake ililetwa hapa hapa Mahakama Kuu ya Nakuru. Aprili 2009 Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, aliwaachilia washtakiwa wote wanne na kuulaumu vikali uchunguzi wa polisi. Jaji hawezi kumfunga mtu kwa uchungu wa nchi.

Kuhusu wakubwa, mambo yamesogea kidogo. Machi 2023 ICC ilitoa waranti dhidi ya Vladimir Putin kwa kuwahamisha watoto wa Ukraine. Novemba 2024 ikatoa dhidi ya Benjamin Netanyahu na aliyekuwa waziri wake wa ulinzi, na siku iyo hiyo dhidi ya kamanda wa Hamas. Machi 2025 Rodrigo Duterte, aliyekuwa rais wa Ufilipino, alikamatwa Manila akapelekwa The Hague. Vikwazo vya Marekani ni kweli vipo na vinaumiza kazi ya mahakama. Mimi hilo linanikasirisha, halinifanyi niseme mahakama ifungwe.

Na pale Baraza la Usalama linapofungwa kwa kura ya turufu, kuna njia ya pembeni. Mei 2014 Urusi na Uchina zilizuia Syria isipelekwe ICC. Desemba 2016 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaunda chombo ambacho kazi yake ni moja tu, kukusanya na kutunza ushahidi wa Syria kwa ajili ya mahakama yoyote itakayouhitaji. Nayo Ujerumani, ambayo sheria yake inaruhusu kumshtaki mhalifu wa kivita wa nchi yoyote, ilimkuta afisa wa ujasusi wa Syria akiishi kwake kama mkimbizi. Januari 2022 mahakama ya Koblenz ikamfunga maisha. Waliomtambua ni waliokuwa wafungwa wake.

Nyalenda_Juu

Asante kwa uzi huu. Mimi niko Kisumu, na hilo la ushahidi linatugusa sisi moja kwa moja.

Mtakumbuka vijana wawili waliopigwa risasi Kondele Januari 2008, kamera ya televisheni ikinasa kila kitu. Nchi nzima ilimwona polisi akifyatua. Mwaka 2010 mahakama ikamwachilia, kwa kuwa namba ya bunduki iliyochunguzwa na mtaalamu haikulingana na ya bunduki iliyodaiwa kuwa ya mshtakiwa. Picha tulikuwa nayo, mlolongo wa kielelezo hatukuwa nao. Nani aliichukua bunduki, akaiandika wapi, akamkabidhi nani. Hapo ndipo haki ilipotelea.

Halafu 2017. Mtoto wa miezi sita, Baby Pendo, alipigwa rungu la polisi ndani ya nyumba yao hapa Nyalenda baada ya uchaguzi wa Agosti. Uchunguzi wa vifo mbele ya hakimu wa Kisumu ulimalizika 2019 na kuwalaumu makamanda. Oktoba 2022 DPP akatangaza mashtaka ya uhalifu dhidi ya ubinadamu chini ya ile sheria uliyotaja. Kwa ninavyojua ndiyo mara ya kwanza Kenya kuitumia. Najua haikuwa vita, na uzi wako ni wa vita. Ila naomba watu waelewe kwamba uhalifu dhidi ya ubinadamu hauhitaji vita. Unahitaji shambulio lililoenea au lililopangwa dhidi ya raia.

Swali langu: hii kitu ya kumshtaki kamanda ambaye hakushika rungu mwenyewe imekaaje?

Mwanabondeni

Dada/kaka wa Nyalenda, umegusa penyewe. Inaitwa wajibu wa kamanda, na ndiyo silaha kubwa ya sheria hizi. Kamanda anawajibika iwapo waliofanya walikuwa chini yake kikweli, alijua au alipaswa kujua, na hakuchukua hatua ya kuwazuia wala kuwaadhibu. Mambo matatu hayo lazima yote yathibitishwe. Kwa hiyo ushahidi unaotakiwa ni tofauti: orodha ya zamu, amri ya operesheni, nani alikuwa na redio, ripoti gani ilipanda kwenda juu na saa ngapi. Familia ya kawaida haiwezi kuzipata karatasi hizo. Lakini inaweza kusema walikuja na gari la namna gani, namba zipi zilisomeka, nani alikuwa anatoa amri na wengine wanatii. Mambo madogo kama hayo humpa mpelelezi pa kuanzia.

Na umenisaidia kueleza ile tarehe ya 1 Januari 2009. Matukio ya 2007 na 2008 yalitangulia sheria hiyo, ndiyo sababu kesi chache zilizofika mahakamani zililetwa kama mauaji ya kawaida na uchomaji wa kawaida. Ya 2017 yako ndani ya sheria. Ndiyo maana kesi ya Kisumu ina uzito mkubwa hata kwa watu wa mbali, na ndiyo maana kuahirishwa kwake kila mara kunachosha roho.

Busia_Mpakani

Dada yangu ameolewa upande wa Gulu, kwa hiyo hizi habari za LRA, waasi wa Joseph Kony kaskazini mwa Uganda, nimezisikia jikoni kwa shemeji, si kwenye redio. Hukumu ya Dominic Ongwen, kamanda wa LRA, ya 4 Februari 2021 ilisikilizwa kule na watu wengi. Makosa 61. Miaka 25. Mashambulio ya kambi za Pajule, Odek, Lukodi na Abok. Wapo waliolia kwa furaha, na wapo waliosema yeye mwenyewe alitekwa akiwa mtoto anaelekea shule, mbona serikali iliyoshindwa kumlinda haipo kizimbani? Sote tulikaa kimya maana hakuna aliyekuwa na jibu.

Kitu kimoja kilichonishangaza ni jinsi walivyothibitisha. Jeshi na ujasusi wa Uganda walikuwa wananasa mawasiliano ya redio ya LRA porini kila siku, wanaandika kwenye madaftari nani amesema nini. Makamanda walikuwa wanaripoti mashambulio yao kwa Kony hewani. Miaka zaidi ya kumi baadaye madaftari yale yakawekwa mezani The Hague pamoja na kanda. Na hukumu imewataja kwa majina waathiriwa wengi, mmoja mmoja. Shemeji alisikia jina analolijua.

Kony mwenyewe bado hajapatikana. Septemba 2025 ICC ilisikiliza mashtaka yake bila yeye kuwepo, jambo ambalo haijawahi kulifanya kabla ya hapo, na Novemba ikayathibitisha. Kesi yenyewe haiwezi kuanza mpaka akamatwe. Waranti yake ni ya 2005.

Mama wa Kaptembwo

Wanangu, mnasema vizuri lakini mimi nauliza la mwenye njaa. Huyu aliyeuliwa mume na nyumba ikachomwa, kesi ikishaisha yeye anapata nini? Tulihesabiwa hapa 2008, wengine tukapewa kitu kidogo, wengine majina yakapotea kwenye orodha. Mimi mtu afungwe asifungwe, watoto walishatoka shule.

Mwanabondeni

Shikamoo mama. Swali lako ndilo ambalo mawakili huliacha mwisho, na kwa mwathiriwa ndilo la kwanza.

Kesi ya Ongwen: Februari 2024 majaji walipanga fidia ya zaidi ya yuro milioni 52 kwa waathiriwa wanaokadiriwa 49,772. Kila mmoja yuro 750 kama ishara, na nyingine ni za pamoja, kama matibabu, ushauri nasaha na kumbukumbu za marehemu. Ongwen hana kitu, kwa hiyo jukumu linauangukia Mfuko wa Waathiriwa wa ICC, ambao hutegemea michango ya nchi. Pesa haziji kwa kasi ya hukumu. Nakueleza ukweli, mama, sitaki uambiwe mengine.

Nchi nayo inaweza kulipishwa. Mahakama ya Haki ya Kimataifa, ile inayoamua kati ya nchi na nchi, Februari 2022 iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita vya 1998 hadi 2003, kwa mafungu ya milioni 65 kila mwaka. Kati ya hizo milioni 225 ni kwa madhara yaliyowapata watu. Kongo ilifungua kesi hiyo 1999. Miaka 23.

Huku kwetu, wazee wa Mau Mau walioteswa kwenye kambi za Waingereza walilipwa 2013. Uingereza ilikubali pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, na waziri wake akasema bungeni kwamba wanasikitika. Hakikufika kiasi hicho hivi hivi. Kesi ikiendelea, serikali ile ilibanwa hadi ikatoa majalada ya kikoloni yaliyofichwa miaka yote. Tena ushahidi, mama.

Na Desemba 2020 Mahakama Kuu Nairobi iliamua kwamba serikali ya Kenya ilishindwa kuchunguza ubakaji wa baada ya uchaguzi wa 2007. Manusura wanne kati ya wanane waliofika mahakamani walipewa shilingi milioni 4 kila mmoja. Wengine wanne hawakupata, maana mahakama haikuridhika kwamba waliowatendea walikuwa maafisa wa serikali au kwamba waliripoti. Nakuomba uwaambie kina mama wa kikundi chako: fomu ya P3 ya polisi, fomu ya daktari ya manusura wa ubakaji, namba ya OB (daftari la matukio la kituo cha polisi). Karatasi hizo tatu zinatenganisha mwenye kupata na mwenye kukosa. Na hospitali kwanza kabla ya kituo, ndani ya saa 72, kwa sababu ya dawa za kuzuia virusi.

Cheptais_Ridge

Nimesoma kimya tangu asubuhi. Mimi ni wa Mlima Elgon.

Watu wakitaja vita Kenya hawatutaji. SLDF, wanamgambo wa huku kwetu, walianza 2006 kwa mambo ya mashamba ya Chepyuk, wakawa wanakata watu masikio, wanatoza kodi, wanaua. Zaidi ya 600 kwa hesabu za watetezi wa haki. Machi 2008 likaja jeshi na Operesheni Okoa Maisha, na wanaume wakawa wanakusanywa vijiji vizima. Aprili mwaka huo huo shirika la Human Rights Watch lilisema pande zote mbili zimetenda uhalifu wa kivita. Hilo ndilo neno walilotumia, juu ya kwetu.

Kaka yangu alichukuliwa mwaka huo. Hapa sitasema na nani. Alikuwa amevaa gumboot za kijani na sweta la shule la mdogo wetu, maana kulikuwa na baridi. Mama alikwenda kuuliza, akaambiwa jina halipo. Akaenda tena, akafukuzwa. Mwisho akaandikisha kwenye OB na karatasi ile ninayo, imekunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Tulisikia kuna kesi ilipelekwa Arusha. Tukangoja. Hatujawahi kuelezwa iliishia wapi.

Mwanabondeni

Pole sana, ndugu yangu. Na pole kwa mama.

Kesi ya Arusha ninaifahamu. Shirika la IMLU la madaktari na mawakili liliishtaki serikali ya Kenya katika Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2010 kwa mauaji na mateso ya Mlima Elgon. Juni 2011 majaji wa ngazi ya kwanza walikubali kuisikiliza, na wengi tukashangilia. Serikali ikakata rufaa. Machi 2012 kitengo cha rufaa kikaamua kwamba imechelewa, kwa kuwa Mkataba wa Jumuiya, kifungu cha 30, unatoa miezi miwili tu tangu kitendo kitokee au mlalamishi akijue. Hawakusema hayakutendeka. Hawakufika hata kwenye kuuliza kama yalitendeka. Nikisoma hukumu ile huwa nafunga kompyuta nitoke nje kidogo. Miezi miwili, na mtu bado anazunguka makambi akimtafuta mwanawe!

ICC nayo ilikuwa na mamlaka juu ya kipindi hicho, lakini haikumshtaki mtu kwa ya Mlima Elgon, na Novemba 2023 ofisi ya kiongozi wa mashtaka ilitangaza kumaliza uchunguzi wake wa Kenya. Sitakupa matumaini ya upande huo.

Yaliyobaki ni haya. Uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu haupitwi na wakati chini ya Mkataba wa Roma, kifungu cha 29. Kesi ya kikatiba katika Mahakama Kuu haina ukomo wa miezi miwili. Waathiriwa wa mateso ya Nyayo House, jengo la serikali Nairobi walikoteswa wapinzani, walifungua zao zaidi ya miaka 20 baadaye na wakalipwa, ingawa majaji huuliza sababu ya kuchelewa na inabidi uieleze vizuri. Na kwa kuwa kaka yako hajasikika kwa zaidi ya miaka saba, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inairuhusu mahakama kumchukulia kuwa amefariki, ili familia ipate cheti na shamba lirithiwe. Najua kuna familia zinazokataa njia hiyo zikiona ni kama kumzika mtu bila mwili. Hilo mtaamua nyumbani, na mama ndiye wa kuulizwa kwanza.

Nyalenda_Juu

Mwanabondeni, kabla uzi haujaenda mbali, hebu sema la simu. Vijana wa siku hizi wote wanarekodi.

Mwanabondeni

Kweli. Agosti 2017 ICC ilitoa waranti dhidi ya kamanda mmoja wa Libya, Mahmoud al-Werfalli, ikitegemea sana video za mauaji zilizosambaa mitandaoni. Kwa hiyo video ni ushahidi. Lakini iache kwenye simu kama ilivyo, usiikate, usiiwekee muziki wala maandishi. Ukiituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa na kupoteza taarifa za saa na mahali, kwa hiyo faili halisi ihamishie pia kwenye diski au kadi nyingine. Zungusha kamera uonyeshe kitu kinachotambulika, mnara, duka, kilima. Andika kando siku, mahali na nani mwingine alikuwepo. Usiwahoji watoto. Mwathiriwa asisimulishwe mara tano na watu watano, kwa sababu maelezo yakitofautiana kidogo wakili wa mshtakiwa atayapasua. Ofisi ya kiongozi wa mashtaka wa ICC ina ukurasa wa kupokea ushahidi mtandaoni, lakini mtu aliye hatarini aongee kwanza na wakili au shirika la haki analoliamini.

Cheptais_Ridge

Nimeongea na mama kwa simu. Cheti hataki kwa sasa. Ila amekubali karatasi ya OB ipigwe picha, na yeye mwenyewe asimulie akiwa bado ana nguvu. Ana miaka 74. Anataka kuongea kwa Kisabaoti, si Kiswahili.

Mwanabondeni

Aongee Kisabaoti, ndiyo bora. Irekodi sauti yote bila kukatiza, kisha mtafsiri mtafuteni mtu asiye wa ukoo wenu. Aanze kwa kutaja jina lake, siku ya leo na mahali alipo. Ile OB ipige picha mbele na nyuma mwanga wa mchana, halafu iwekwe katikati ya bahasha ngumu, isikunjwe tena. Nina wakili Bungoma anayezifanya kesi hizi bila malipo. Niandikie faragha nikuunganishe naye, na jina la kaka usiliweke hapa.